Kivumishi na Kielezi cha Kiingereza Mbele ya Mfasiri

Wafasiri wakiulizwa ni maneno gani ya Kiingereza yanayowatoa jasho, aghalabu hutaja istilahi za sayansi, za uhandisi na za fedha. Ni nadra kumsikia mtu akitaja vivumishi na vielezi. Maneno hayo huonekana kuwa mepesi. Kila mtu alifundishwa shuleni kwamba kivumishi huieleza nomino na kielezi hukieleza kitenzi, na kwamba ukitaka kukigeuza kivumishi cha Kiingereza kuwa kielezi, wakipachika "-ly" mwishoni, kazi ikaisha. Walakini mtu anayezikagua tafsiri za barua, matangazo, kanuni na sheria huona kwamba makosa mengi mazito hayatokani na istilahi ngumu. Istilahi ngumu humshtua mfasiri, naye huenda kuitafuta kamusini. Neno jepesi halimshtui mtu. Hupita mlangoni bila kuulizwa jina.

Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki kanuni hiyo ya shuleni, na kuonyesha hasara inayoletwa nayo katika kazi za tafsiri. Dai letu ni moja. Katika Kiingereza umbo la neno halitoshi kutuambia kama neno hilo ni kivumishi au ni kielezi, na maana yake pekee haitoshi pia. Jambo linalotuambia ni uhusiano: neno hili limeshikamana na neno lipi katika sentensi? Mfasiri asiyeuliza swali hilo hafasiri, bali anakisia.

1. Majina yenyewe

Yafaa tuanze na majina ya aina hizi mbili za maneno, kwa kuwa upotovu mwingine huanzia hapo. Neno "adjective" lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kilichoongezwa. Wanasarufi wa Kirumi hawakukihesabu kivumishi kuwa aina ya neno inayojitegemea. Walikiona kuwa tawi la nomino, yaani nomino inayoongezwa juu ya nomino nyingine, kwa sababu katika Kilatini aina zote mbili hubadilisha miisho kwa namna moja. Neno "adverb" nalo ni la Kilatini, na maana yake ni kilicho kando ya kitenzi. Jina hilo lasema pungufu ya ukweli, kwa kuwa kielezi cha Kiingereza hakikai kando ya kitenzi tu. Hukaa kando ya kivumishi, kama katika "very old". Hukaa kando ya kielezi kingine, kama katika "very slowly". Na pengine hukaa kando ya sentensi nzima, kama lifanyavyo neno "fortunately".

Istilahi zetu za Kiswahili zina kasoro za namna nyingine. "Kivumishi" lina shina moja na kitenzi kuvumisha, yaani kueneza habari au sifa. Anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kila kivumishi kazi yake ni kusifu. "Kielezi" lina shina moja na kitenzi kueleza. Lakini je, kivumishi hakielezi? Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kivumishi hueleza nomino na kielezi hueleza kitenzi amepewa kitenzi kimoja cha kubeba kazi mbili, na akisahau nusu ya fasili hukosa njia ya kuikumbuka kwa kulitazama jina. Hatusemi kwamba istilahi hizi zitupwe. Zimekwisha kuzoeleka, zimo vitabuni na vinywani mwa walimu, na kuzibadilisha sasa kungeleta vurugu kuliko faida. Tusemalo ni kwamba jina la istilahi si fasili yake, na mwalimu hana budi kuifundisha fasili.

Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Katika Kiswahili, kivumishi huvaa sare ya nomino inayokimiliki: mtu mzuri, kiti kizuri, maneno mazuri, nyumba nzuri. Kikiwa kielezi huiacha sare hiyo, nasi twasema: anaimba vizuri, wanaimba vizuri, kengele inalia vizuri. Msikilizaji wa Kiswahili amezoea kuuona uhusiano wa maneno katika viambishi. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo. "Good" ni "good" mbele ya mtu, kiti na maneno. Basi mwenye Kiswahili anaposoma Kiingereza hunyimwa alama aliyoizoea, na mahali pa alama hiyo hulishika "-ly" kama mtu anayezama anavyoshika unyasi.

2. Umbo lisiloaminika

Hiyo "-ly" ina historia inayofaa kujulikana. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na viambishi viwili vilivyokaribiana. Kimoja, "-lic", kiliunda vivumishi, na asili yake ni nomino iliyokuwa na maana ya mwili au umbo. Cha pili, "-lice", kiliunda vielezi. Karne zilivyopita, miisho ya maneno ya Kiingereza ikalika, na viambishi hivyo viwili vikawa "-ly" moja. Ndiyo sababu hata leo "friendly", "lovely", "costly" na "cowardly" ni vivumishi ingawa vina mwisho uleule tunaoambiwa kuwa ni wa vielezi. Mtu anayeandika "he spoke friendly" ameidanganyikia "-ly". Kiingereza humtaka aseme "in a friendly manner", au aikate sentensi kwa njia nyingine.

Kadhalika, vielezi vingine vya Kiingereza cha kale viliundwa kwa kuongeza "-e" tu mwishoni mwa kivumishi. Irabu hiyo ilipoacha kutamkwa, kielezi kikabaki na umbo la kivumishi. Hapo ndipo tulipopata "hard" na "fast", ambayo hufanya kazi zote mbili bila ya kubadilika. Wanasarufi wa karne ya 18 hawakupendezwa na hali ya namna hii. Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi kilichotoka mwaka 1762, aliwakosoa waandishi waliotumia vivumishi mahali pa vielezi, na kanuni ya shuleni ya leo ni mtoto wa mawazo ya aina hiyo. Lakini lugha haikutii yote iliyoamriwa. Mpaka leo vibao vya barabarani katika nchi zenye kusema Kiingereza humwambia dereva "drive slow", naye dereva hupunguza mwendo bila ya kulalamika.

Hatari iko katika jozi za maneno ambazo kuongezwa kwa "-ly" hakukubadilisha kazi tu, bali kulibadilisha na jambo lenyewe. Tuzitazame sentensi hizi mbili: "The clerk worked hard" na "The clerk hardly worked". Ya kwanza yasema kwamba karani alifanya kazi kwa bidii. Ya pili yasema kwamba kazi aliyoifanya ilikuwa kidogo mno, ni kama hakufanya. Mkuu wa ofisi anayemwandikia mtumishi wake barua ya kumsifu, akaandika "he works hardly" kwa kudhani kwamba kielezi hakina budi kuwa na "-ly", ameandika sentensi ambayo msomaji wa Kiingereza aweza kuichukulia kuwa lawama. Mtumishi huyo hatajua kwa nini hakuitwa kwenye usaili.

Jozi nyingine ni za aina hiyohiyo. "Late" ni kwa kuchelewa, lakini "lately" ni siku hizi za karibuni. "Near" ni karibu kwa mahali, lakini "nearly" ni karibu kwa kukosa kidogo: "he nearly paid" maana yake hakulipa. "Short" ni -fupi, au kwa ghafla kama katika "he stopped short". Lakini "shortly" aghalabu ni baada ya muda mfupi. Neno "presently" lina mtego wa pili, kwa kuwa kwa desturi ya Uingereza maana yake ni hivi punde, na kwa desturi ya Marekani maana yake aghalabu ni wakati huu. Mfasiri wa ratiba au wa barua ya serikali anayekutana na neno hilo yafaa aulize kwanza barua imetoka wapi.

3. Vitenzi vinavyorudisha sifa kwa mtenda

Kanuni ya shuleni yasema kwamba neno linalokuja baada ya kitenzi na kukieleza ni kielezi. Mwanafunzi mwerevu akiifuata kanuni hiyo kwa uaminifu ataandika "the flowers smell sweetly" na "the fish smells badly". Kanuni imempoteza. Katika Kiingereza kuna vitenzi kadhaa, kama "be", "seem", "become", "look", "sound", "feel", "smell" na "taste", ambavyo vyaweza kutumika kama daraja tu. Sifa inayokuja nyuma yake huvuka daraja na kurudi kwa mtenda. Maua ndiyo yaliyo matamu kwa harufu. Kule kunukia si kutamu wala kuchungu. Kwa hiyo Kiingereza husema "the flowers smell sweet", kwa kivumishi. Na "the fish smells badly", likichukuliwa neno kwa neno, lasema kwamba samaki huyo pua yake haifanyi kazi vyema.

Kosa hili kwetu lina sababu ya pekee, nayo ni kwamba Kiswahili hufanya kinyume. Sisi husema maua yananukia vizuri na samaki ananuka vibaya, kwa kielezi. Mwanafunzi wetu anayeandika "smells badly" hakuwa mzembe. Ameufasiri mpango wa lugha yake kwa uaminifu kabisa. Mwalimu anayemkata alama bila ya kumwonyesha tofauti ya lugha hizi mbili amemwadhibu lakini hakumfundisha.

Vitenzi hivi vyaweza pia kutumika kwa maana ya tendo kamili, na hapo kielezi hurudi mahali pake. "The officer looked angry" tutaifasiri: ofisa alionekana amekasirika. "The officer looked angrily at the file" tutaifasiri: ofisa aliliangalia jalada kwa hasira. Katika sentensi ya kwanza ofisa anatazamwa; katika ya pili ndiye anayetazama. Herufi mbili tu za Kiingereza zimembadilisha mtazamwa kuwa mtazamaji, na Kiswahili kimelazimika kubadilisha kitenzi chenyewe.

Msomaji ataona pia kwamba "angry", kivumishi cha Kiingereza, kimegeuka kitenzi katika Kiswahili. Hili si jambo la ajabu. Vivumishi vya Kiswahili vyenye kuchukua viambishi vya upatanisho si vingi, na lugha yetu hujaza nafasi kwa njia nyingine: kwa vitenzi vya hali, kama amechoka, limeiva, kimejaa, kwa "-a" ya uhusiano, kama maji ya moto, kwa "-enye", kama mtu mwenye busara, na kwa virejeshi, kama mtu aliyechoka. Mfasiri anayetafuta kivumishi kwa kila kivumishi anajifunga kamba miguuni. Neno litafsiriwe kwa kazi yake, hata ikiwa kazi hiyo katika lugha yetu hufanywa na aina nyingine ya neno.

4. Vivumishi visivyovumisha

Sasa tuje kwenye vivumishi ambavyo havitaji sifa ya mtu au ya kitu kinachotajwa na nomino. Hapa ndipo jina "kivumishi" linapotupotosha zaidi.

La kwanza ni vivumishi vya uhusiano. "Criminal lawyer" ni wakili wa mashauri ya jinai, wala si wakili mhalifu. "Civil servant" ni mtumishi wa serikali, wala si mtumishi mstaarabu. "Medical student" ni mwanafunzi wa utabibu. Vivumishi hivi havisemi kitu kikoje, vyasema kinahusika na nini. Kipimo chake ni chepesi: jaribu kuweka "very" mbele yake. "A very old lawyer" yakubalika. "A very criminal lawyer" yakubalika tu ikiwa unamtukana. Kiswahili kina chombo kizuri sana kwa vivumishi hivi, nacho ni "-a" ya uhusiano: sheria ya jinai, mtumishi wa umma, afya ya jamii.

Hapa yafaa tukemee tabia moja iliyoenea katika maandishi ya ofisini, ya kuweka "ki-" kila mahali penye kivumishi cha Kiingereza chenye mwisho wa "-al" au "-ic". Hutasikia tena matatizo ya afya bali matatizo ya kiafya, wala mfumo wa elimu bali mfumo wa kielimu. Kiambishi "ki-" kina maana yake, nayo ni kwa namna ya, au kwa upande wa. Avaaye kizungu amevaa kwa namna ya Wazungu. Twaweza kusema kwamba nchi imeendelea kiuchumi, kwa kuwa hapo twataja upande ambao maendeleo hayo yametokea; hicho ni kielezi cha haki. Lakini wizara inayoshughulika na afya haikuitwa Wizara ya Kiafya, na hakuna aliyepungukiwa na maana. Kuna pia pahala ambapo tofauti hii ni ya lazima. "Legal" katika "legal adviser" ni -a sheria: mshauri wa sheria. "Legal" katika "a legal strike" ni halali: mgomo halali. Anayeandika "mgomo wa kisheria" katika mahali pa pili amemwacha mfanyakazi bila ya kujua kama akigoma atakuwa salama au la.

La pili ni vivumishi vinavyolitazama tendo lililojificha ndani ya nomino. "A heavy smoker" si mvutaji mzito wa mwili. Ni mtu avutaye sana sigara, na pengine amekonda kama ufito. "An old friend" ni rafiki wa siku nyingi, ambaye huenda ana umri wa miaka 20. Umbo la maneno haya ni la kivumishi, lakini kazi yake inafanana na ya kielezi, na Kiswahili hukidhihirisha kielezi hicho: avutaye sana, tuliyefahamiana zamani.

La tatu, lenye hatari kuliko yote, ni vivumishi vinavyoitia nomino shaka au kuikana. "Former minister" si waziri. Aliwahi kuwa waziri. "Acting director" bado hajawa mkurugenzi kamili, na hapo Kiswahili kimebarikiwa kuwa na neno lake zuri, kaimu. "Alleged murderer" hajathibitishwa kuwa muuaji. Mfasiri wa habari anayeandika "muuaji anayetuhumiwa" amekifasiri kivumishi, lakini nomino ameiacha isimame juu ya miguu yake yote miwili: mtu huyo ameitwa muuaji, kisha ikaongezwa habari kwamba anatuhumiwa. Kiingereza hakikusema hivyo. Katika Kiingereza "alleged" huishika nomino na kuizuia isitamkwe kuwa kweli. Tafsiri iliyo salama ni mtuhumiwa wa mauaji, au mtu anayedaiwa kuua. Heshima ya mtu ambaye mahakama bado haijamsikiliza imo katika uchaguzi huo.

5. Mahali pa kielezi

Kivumishi cha Kiingereza kwa kawaida hukaa mbele ya nomino yake. Isipokuwa katika vyeo na istilahi kadhaa za sheria, ambamo hukaa nyuma kwa athari ya Kifaransa, lugha iliyotawala katika mahakama za Uingereza kwa muda mrefu baada ya uvamizi wa mwaka 1066. "Attorney General" si jenerali; "general" hapo ni kivumishi, na wingi wake wa asili ni "attorneys general". Wafasiri wetu wa mwanzo waliliona hilo, wakatupa Mwanasheria Mkuu, ambaye wingi wake ni wanasheria wakuu bila ya mashaka.

Kielezi hakina makazi ya kudumu namna hiyo, na uhuru wake ndio unaoleta fitina. Tutazame: "Clearly, the witness did not speak" na "The witness did not speak clearly". Maneno ni yaleyale. Ya kwanza: ni dhahiri kwamba shahidi hakusema. Ya pili: shahidi hakusema waziwazi. Katika ya kwanza shahidi alinyamaza. Katika ya pili alisema, ila kwa namna isiyoeleweka vema. Karani wa mahakama akizichanganya, kumbukumbu ya shauri itakuwa imeandika jambo ambalo halikutukia.

Neno "only" lina utundu zaidi. Tangazo la ofisi lasema: "Forms will only be received on Fridays." Mwandishi alikusudia kuifunga siku, lakini alikiweka kielezi mbele ya kitenzi, kama ilivyo desturi ya Kiingereza cha kila siku. Mfasiri afuataye mpango wa maneno ataandika: Fomu zitapokelewa tu siku za Ijumaa. Msomaji aweza kuelewa kwamba siku ya Ijumaa fomu zitapokelewa tu, lakini hazitashughulikiwa. Katika Kiswahili "tu" hupenda kukaa nyuma ya neno linalofungwa nalo, kwa hiyo tafsiri isiyo na utata ni: Fomu zitapokelewa siku za Ijumaa tu. Lau kama kilichokusudiwa ni kuwabagua wenye fomu, Kiswahili kingesema: Fomu za wanachama tu ndizo zitakazopokelewa. Lugha yetu ina zana za kutosha, yaani "tu", "peke yake" na "ndi-", na mfasiri asiyezitumia ana deni kwa mwananchi aliyesafiri kutoka kijijini siku ya Jumatano.

6. Kielezi kimoja na kifungo cha miaka 2

Huenda msomaji akaona kwamba mambo haya ni ya vitabuni tu. Basi tutoe mfano mmoja wa nje, ulio katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 2004 Marekani ilitunga sheria iliyoongeza kifungo cha miaka 2, juu ya adhabu nyingine, kwa mtu ambaye katika kutenda makosa fulani "knowingly" anahamisha, anamiliki au anatumia, bila ya mamlaka halali, kitambulisho cha mtu mwingine. Ignacio Flores-Figueroa, raia wa Meksiko aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alimpa mwajiri wake mwaka 2006 kadi za bandia zenye jina lake halisi, lakini nambari zilizoandikwa humo zilikuwa za watu wengine. Hakubisha kwamba alijua kadi ni za bandia. Alisema kwamba serikali haikuweza kuthibitisha kuwa alijua nambari hizo ni za watu halisi.

Shauri zima likawa juu ya swali tulilolitaja mwanzoni: kielezi "knowingly" kimeshikamana na nini? Ikiwa kimeshikamana na vitenzi peke yake, basi yatosha kwamba mshtakiwa alijua anatumia kadi. Ikiwa kinafika mpaka mwisho wa kifungu, basi ni lazima iwe alijua pia kwamba kitambulisho ni cha mtu mwingine. Mahakama za chini zilimpa ushindi mwendesha mashtaka. Tarehe 4 Mei 2009 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo ilitengua uamuzi huo, na majaji wote 9 walikubaliana juu ya matokeo. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Stephen Breyer ilitegemea sana matumizi ya kawaida ya Kiingereza: kitenzi chenye yambwa kinapotanguliwa na kielezi cha namna hii, msikilizaji huchukulia kwamba kielezi kinalihusu tendo zima pamoja na yambwa yake.

Sasa tujiulize jinsi ambavyo kifungu hicho kingefasiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri mmoja ataandika: mtu yeyote ambaye kwa kujua anatumia kitambulisho cha mtu mwingine. Tafsiri hii imebaki na utata uleule wa Kiingereza. Mfasiri wa pili ataandika: mtu yeyote anayetumia kitambulisho cha mtu mwingine huku akijua kuwa ni cha mtu mwingine. Huyu ameuondoa utata, na kwa bahati amekubaliana na mahakama. Wa tatu angeandika: mtu yeyote anayetumia kitambulisho, akijua kuwa ni cha bandia, na ikatokea kuwa ni cha mtu mwingine. Huyu naye ameuondoa utata, lakini kwa kumpeleka mshtakiwa gerezani. Kiswahili, kwa "-ki-" yake na kwa "huku" yake, kimekuwa kikali kuliko Kiingereza. Ukali huo ni fahari ya lugha yetu, lakini mfasiri asiyeutambua hugeuka mtunga sheria bila ya kuchaguliwa na mtu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2021 Tanzania iliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Na Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, ina Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zimejaa vielezi vya nia: "knowingly", kwa kujua; "wilfully", kwa makusudi; "negligently", kwa uzembe; "fraudulently", kwa udanganyifu; "unlawfully", isivyo halali. Kuvipatia vielezi hivyo visawe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua kila kimoja kinafika wapi katika kifungu chake.

7. Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, walimu wa Kiingereza waache kuifundisha "-ly" kuwa fasili ya kielezi; wamwulize mwanafunzi neno limeshikamana na lipi, kisha ndipo waliangalie umbo. Pili, masomo ya vitenzi vya daraja yafundishwe kwa kulinganisha na Kiswahili, kwa sentensi kama maua yananukia vizuri, ili mwanafunzi aone mahali lugha mbili zinapoachana. Tatu, wahariri na wafasiri wa ofisini waitumie "-a" ya uhusiano mahali pake, na "ki-" waiachie kazi yake ya namna na upande. Kadhalika waviangalie kwa makini vivumishi vya kutia shaka, kwa kuwa nyuma ya kila kimoja yupo mtu mwenye jina.

Nne, na hili ni kwa wafasiri wa sheria hasa, kielezi chenye utata kisiamuliwe kimyakimya. Mfasiri akiona kwamba kielezi chaweza kushikamana na maneno mawili, na kwamba Kiswahili kinamlazimisha achague, aiandike hoja yake na kuipeleka kwa mwandishi wa sheria kabla ya tafsiri kupigwa chapa. Akikosa jibu, afadhali atoe tafsiri iliyobaki na utata wa asili kuliko tafsiri safi iliyobeba uamuzi wake mwenyewe. Kuamua maana ya sheria ni kazi ya mahakama. Kazi ya mfasiri ni kuhakikisha kwamba hakimu wa Kiswahili anakutana na swali lilelile ambalo hakimu wa Kiingereza angekutana nalo.